Nguo Isiyo na Pa Kushika

Jumanne, 14 Mei. Asubuhi mawingu mazito, upepo wa baridi kutoka upande wa bwawa. Mvua ilitishia, kisha ikaghairi.

Dada yangu,

Shikamoo. Nimeanza na hali ya hewa kwa mazoea ya shajara yangu. Nisamehe, mkono umeandika wenyewe kabla sijakuamkia. Natumaini barua itakukuta mzima wewe na nyumba yako yote, mgongo wa baba watoto umepoa, na yule wa mwisho ameacha kukohoa. Mimi sijambo, ukinilinganisha na wenzangu. Mkono wa kulia umevimba hata vifundo havionekani, ndiyo maana herufi zinayumba. Usije ukadhani mdogo wako ameanza kunywa.

Ujumbe wako wa jana nimeupata. Umesema nimshukuru Mungu kwa kuwa sote tuko hai, ajali haina kinga, nifunike kombe mwanaharamu apite. Niliusoma kazini, nikausoma tena kwenye benchi la hospitali. Dada, tangu mama afariki wewe ndiye uliyenilea, na sijawahi kukukatalia neno nikiwa nakutazama usoni. Ndiyo maana nakuandikia. Keshokutwa askari anafunga jalada, na juu yake ataandika kuwa ilikuwa ajali. Akishalifunga, mume wangu, huyo shemeji yako, anatoka wodi ya wanaume na kurudi nyumbani. Ufunguo wa mlango huu anao mfukoni, na mwenye nyumba amenikataza nisibadilishe kitasa kwa sababu mkataba una jina la mwanamume. Pacha hawezi kusema lolote la kumzuia, maana hakumbuki kitu. Wenye la kusema tumebaki wawili, mimi na wewe. Naomba usome kwa mpangilio, usirukie mwisho kama unavyofanya na magazeti.

Pacha ulimwona mara moja, ukasema anacheka sana. Pale kiwandani yeye hukata sponji za magodoro, mimi hukagua mishono ya foronya zake kabla hazijafungwa. Hatuna undugu wowote. Ila ukituangalia kwa nyuma, kimo ni kimoja, mabega yale yale, mwendo ule ule, hata msimamizi alikuwa akinigombeza kwa makosa ya mwenzangu mpaka akachoka, akatuita mapacha. Jina likamganda yeye. Kiwanda kilipotangaza timu ya wanawake ya trayathloni, yaani unaogelea kuvuka bwawa, ukitoka unapanda baiskeli, ukishuka unakimbia kwa miguu, yote mfululizo, Pacha aliandikisha majina yetu wawili bila kuniuliza. Nilimnunia hadi mchana. Halafu nikaingia majini. Dada, ndani ya maji hakuna anayekuita. Kwa ajili hiyo tu ningeogelea kila siku.

Taabu yetu ya kwanza haikuwa pumzi, ilikuwa nguo. Kila mmoja alikuja na alichokuwa nacho. Mmoja aliogelea na gauni la kulalia, likapanda likamfunika uso, tukamtoa akitapika maji. Mimi nilikimbia na sidiria ya kawaida. Waya ukatoboa kitambaa ukanichimba chini ya ziwa, nikarudi nyumbani na doa la damu kama niliyechomwa kisu. Pacha alivaa bukta ya baiskeli yenye sponji nene, ikanywa bwawa lote, akawa analalamika njia nzima kwamba amekalia nepi. Alipoivua, ngozi ya ndani ya mapaja ilibaki kwenye mshono. Mama Sindano, msimamizi wa vyerehani, alituangalia tulivyokuwa tukitembea na miguu panda, akasema sasa ameelewa kwa nini wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Akatuamuru tulete nguo zetu zote chumba cha kushonea baada ya zamu.

Yule mama ana utaratibu wake. Kwake nguo haihukumiwi ikiwa kavu wala mvaaji akiwa amesimama. Alikumwagia ndoo ya maji kwanza, akakurusharusha, akakuning'iniza kwenye boriti, akakuinamisha kama uko kwenye usukani, kisha akauliza panauma wapi. Mwenye haya aliambiwa mficha uchi hazai, na kwenye timu hii mficha kifua haogelei. Nilichojifunza nilikiandika kwenye shajara jioni ile. Uzito wa kifua ubebwe na mkanda mpana wa chini, si mabega. Kamba zipishane mgongoni. Mshono ulale bapa, na kwapani usiwepo kabisa. Kikalio kiwe na sponji nyembamba ya aina isiyokunywa maji, na hiyo Pacha alitukatia sote kutoka mabaki ya kazini, akituuliza kila mmoja kama anataka ya kitanda cha mtu mmoja au cha wawili. Zipu iwe mbele, fupi, na kipande cha kitambaa kidevuni isije ikakung'ata.

Jaribio la mwisho lilitoka kwa wanawake waliowahi kushindana. Walituambia honi ikilia, bwawa linageuka uwanja wa ngumi. Wa nyuma anakushika, anakuvuta, anapanda juu yako. Kwa hiyo Mama Sindano alipanga magodoro sakafuni, akakulowesha, akamwambia mwenzako aje kwa nyuma akushike popote mkono utakapopata na kukutupa chini. Utadhani tulichapwa kwa kosa fulani, lakini tulicheka mpaka tukakaukiwa sauti. Kila mtu alitaka zamu ya kumtupa msimamizi. Midomo ilipasuka, kucha ziling'oka. Pacha alinishika kwa kijikamba cha kiunoni akanizungusha, nikapiga kisogo kwenye mguu wa cherehani, nikaamka namsikia akiapa kwamba nimejifanya. Kijikamba kile kikakatwa palepale. Mifuko, kofia za nyuma, marinda, kila kilichoonekana na mkono kilikatwa. Mama Sindano alisema nguo ya kazi hii ni ile ambayo adui akikushika atashika ngozi, na ngozi ya mwanamke aliyelowa ni sabuni.

Suti ya Pacha ilikuwa ya mtumba, nyekundu, nzuri kuliko zote, ila kifuani ilimpwaya. Alikata kamba za mabega akazishona upya kwa uzi wa magodoro, ule tunaoshonea mikono ya kubebea. Nilikagua mimi. Niliuvuta mshono kwa mikono miwili taratibu, kama ninavyovuta kazini, nikagonga juu yake kwa kidole na kusema umepita. Sisi watu wa magodoro tunaamini uzi mgumu ndio uzi.

Suti yangu ya kwanza ilikuwa nyeusi. Habari zake ulizisikia kwenye kikao cha familia, lakini ulisikia nilichokisema, na nilisema tulikosana. Shemeji yako aliikuta kwenye kamba ya kuanikia. Aliniuliza nani atakayeangalia mwili wake, akimaanisha mwili wangu. Akaleta mkasi wa bati kutoka gereji anakofanya kazi, akaikata vipandevipande mbele yangu, akanichapa kwa fenibelti mgongoni na shingoni. Halafu akachukua kipande, akanisukumia mdomoni kwa dole gumba mpaka nikatapika, akisema kama nakipenda nikile. Siku ya kikao nilivaa mtandio. Uliniangalia shingoni, ukaangalia kando. Sikulaumu, Dada. Hata mimi niliangalia kando.

Wewe ndiye uliyetupatanisha. Ulisema mwanamume ni mwenye wivu, na wivu dawa yake ni kumpa kidogo. Nishiriki, lakini nikishatoka majini nivae juu ya suti shati utakalonishonea wewe mwenyewe. Ukalituma kabla ya wiki kwisha: la njano, pana, mikono mirefu, likifika magotini, vifungo umevishona mara mbili. Mama Sindano aliliona akauliza hilo turubai ni la lori gani. Nilimnyamazisha. Nilikuahidi nitalivaa na nilikusudia kulivaa. Jumapili asubuhi nililikunja vizuri kwenye beseni langu, kando ya baiskeli, mwilini nikiwa na suti nyingine nyeusi niliyokuwa nimeificha kiwandani.

Sasa nikueleze ya majini. Maji yalikuwa ya kahawia na baridi. Honi ilipolia, kisigino cha mtu kilinipiga puani kabla sijapiga mkono wa pili. Kidole kiliingia mdomoni mwangu. Nilikiuma, na sitaki kusema uongo, nilikiuma kwa nguvu. Mtu alinipanda mgongoni akanizamisha mpaka nikaona kijani. Nilisikia kucha zikinipapasa mbavu, kiuno, mapaja, zikiteleza na kuniacha. Suti haikumpa yeyote pa kushika. Nilipoinua kichwa nilimwona Pacha mbele kidogo, na nyuma yake mwanamke mmoja mwenye mikono kama makasia, kofia nyeupe. Akaikamata kamba ya bega la Pacha na kuivuta kama anavyovutwa mbuzi.

Nataka unielewe hapa, maana siku zote tangu Jumapili naliwaza hili. Uzi haukukatika. Uzi ulikata kitambaa, kama waya unavyokata sabuni. Kitambaa kinachovutika kinataka uzi unaovutika nacho. Sisi tukakipa uzi usiojua kusogea, tena tukausifu. Suti ilichanika kutoka begani hadi ubavuni.

Pacha alitoka majini ameshika kifua kwa mkono mmoja, upande mwingine unaning'inia. Waliokuwa juu ya ukingo walipiga miluzi. Mmoja alipaza sauti kwamba leo maziwa ni bure. Pacha akamjibu akachukue ya mama yake. Alikuwa anacheka, lakini meno yalikuwa yanagongana, na huwezi kuendesha baiskeli kwa mkono mmoja kwenye barabara ile. Nililichukua shati lako, nikamvisha kichwani kama mtoto, nikamvuta mikono, nikamfunga vifungo vya shingoni. Aliniuliza nguzo za hema hili ziko wapi. Akasema akishika upepo nimtafute mawinguni. Akaondoka akanitangulia, mimi nikitafuta kiatu. Hivyo ndivyo nilivyovunja ahadi yangu kwako. Sikufikiri, na hata ningefikiri ningefanya vile vile.

Kuna kona nyuma ya ukuta wa maghala, barabara inabana na kupanda, kila mtu anapunguza mwendo. Aliyepaswa kusimama pale na bendera alikuwa amekwenda kunywa maji. Niliingia kwenye kona nikaona ovaroli ya gereji ikitoka katikati ya malori mawili yaliyoegeshwa. Sikumtambua kwa uso, nilimtambua kwa mwendo. Alilikamata shati kwa mikono miwili, nyuma, pale lilipokuwa likipepea. Baiskeli ikaendelea peke yake hatua kadhaa, imesimama wima, haina mtu. Pacha alishuka kwa mgongo, akabiringika kifudifudi, mdomo ukapiga chini. Mlio ule sijui nikuambie ulikuwa wa nini. Kiwandani hatuna kitu kinacholia hivyo.

Hakumpa nafasi ya kupumua. Alimpiga teke la nyonga, la mbavu, akamkanyaga mgongoni kwa buti zile za chuma mbele, na kila teke aliita jina langu. Jina langu, Dada, na baada yake, nilikwambia. Nilikwambia. Nilikwambia. Pacha alikuwa amelala kifudifudi, kofia ngumu kichwani, hana sauti. Mpaka alipomgeuza kwa mguu ili amwone usoni, akaona meno yaliyovunjika na uso usio wangu.

Akasimama kama mtu aliyetumwa dukani akauziwa kitu kingine. Akageuka akaniona. Hakukuwa na mtu mwingine pale, wenzetu walikuwa wamekwisha kututangulia. Akasema, kwa sauti ya kulalamika kabisa: dada yako aliniambia njano.

Nimeiandika sentensi hiyo, nikasimama, nikanywa maji, nikarudi. Najua kwa nini ulimwambia. Nakujua. Ulitaka afike, asimame na watu, amwone mkewe amejifunika, moyo wake utulie, pengine hata apige makofi. Ulimwambia rangi ili asisumbuke kunitafuta. Hukujua anachonitafutia. Lakini kuna jambo ambalo wewe pekee unalijua, nalo ni alikuuliza nini, kwa sauti gani, na siku gani.

Kabla sijakuomba ninachokuomba, lazima nikuambie langu, ambalo hata Pacha hajalisikia.

Askari walipofika, shemeji yako alikuwa chini, taya limevunjika, vidole vya mikono yote miwili vimepinda. Aliwahi yeye kusema, kwa taabu, kwamba alikuwa akivuka barabara baiskeli ikamgonga. Alipokuwa akisema alinitazama mimi. Nilielewa palepale kwamba ananikabidhi upande mmoja wa mzigo. Nikaulizwa, nikasema nimewakuta wote wawili chini. Uongo ule ulitukaa vizuri kuliko nguo yoyote aliyowahi kupima Mama Sindano. Ungeuvuta wapi? Hauna pa kushika. Majeraha yake yanaelezeka, ya Pacha yanaelezeka, mimi nimekuja nyuma.

Ukweli ni kwamba nilikuwa na pampu ya baiskeli, ile ya chuma. Pigo la kwanza lilimpata sikioni, la pili tayani, na nililisikia taya likiachia. Alikaa chini. Akainua mikono yote miwili mbele ya uso, akasema basi mke wangu, basi, kwa mdomo usiofunga. Alikuwa ameacha, Dada. Ningeacha na mimi hapo, mtu yeyote angesema nimemwokoa mwenzangu. Sikuacha. Niliipiga ile mikono iliyoinuliwa, nikaipiga mpaka akaishusha, akaanguka kwa ubavu, nikampiga begani na mgongoni mpaka pampu ikapinda. Watu wakisimama mbele ya hakimu husema waliona giza. Mimi sikuona giza. Niliona vizuri, hata kifungo kimoja cha shati kilichodondoka kando ya goti lake nilikiona, na kila pigo nilichagua pa kulipeleka. Na nilikuwa nikisema kitu. Nilipokaa kimya nikausikia mwangwi wake ukutani, ndipo nikajua nilichokuwa nikisema. Nilikuwa nikisema nilikwambia.

Kilichonisimamisha ni Pacha kukohoa. Nikairusha pampu ng'ambo ya ukuta wa ghala, nikapiga magoti kando yake.

Tangu siku hiyo kaka yake shemeji yako amekuja hapa, mpole kama mkwe mpya. Alikaa kwenye ukingo wa kiti, akaniita shemeji mara nyingi, akasema yaliyopita si ndwele, tugange yajayo, taya litapona, nyumba bado ni yangu. Kila mtu ameumia, kila mtu anyamaze. Jana ukaja ujumbe wako, na maneno yalifanana mno, nikajua alipotoka kwangu alikupigia na wewe.

Pacha amelazwa amefungwa uzito mguuni. Nyonga imevunjika vibaya. Daktari amesema atatembea, lakini mguu mmoja hautafikia mwenzake. Meno ya mbele hana. Kitu cha mwisho anachokumbuka ni kujaza upepo matairi asubuhi ile. Kila nikienda ananiuliza nani alishinda, nami namwambia wale wa kofia nyeupe, anawatukana kwa kithembe kipya, anacheka, kicheko kinamuumiza, analia. Ningeweza kuyabeba hayo. Nisiloweza kulibeba ni mama yake. Jana alinishika mikono yote miwili, ule uliovimba pia, akanishukuru kwa kumsitiri mwanawe mbele za watu. Akasema mwingine angejali nguo yake.

Kwa hiyo nimeamua. Kesho kabla ya zamu nakwenda kituoni kwa yule askari wa kike aliyeandika maelezo yangu, niyafute. Nitamwambia kona, malori, shati, mateke, jina langu. Nitamwambia na pampu iko wapi, na kwamba mikono ilikuwa juu. Huenda wakaniweka ndani na mimi. Mama Sindano nimemweleza yote, hakunihurumia wala hakunikemea, aliniuliza tu mzunguko wa kiuno. Anasema kule mahabusu askari wananyang'anya mikanda, kwa hiyo ananishonea sketi ya lastiki, na safari hii uzi atachagua mwenyewe.

Ombi langu ni hili. Njoo usimame mbele ya askari huyo, useme alivyokupigia simu, alichokuuliza na ulichomjibu. Usiongeze, usipunguze, usinitetee. Bila neno lako atasema hakujua habari ya shati wala hakuwa akimsubiri mtu, na mimi nitabaki mke aliyempiga mume aliyekwisha kugongwa na baiskeli. Pacha atabaki mwendesha baiskeli asiyeangalia mbele. Najua litakuuma kusema kwa mdomo wako kwamba wewe ndiye uliyemtajia rangi. Nisingethubutu kukudai kweli yako huku yangu nimeikalia, ndiyo maana yangu nimeianika kwanza, na kesho itakuwa imefika kituoni kabla barua hii haijafika kwako. Usinipigie simu kunizuia. Simu nitaizima.

Usipokuja nitajua umeshindwa, na hilo halitafuta hata siku moja uliyonibeba mgongoni. Bado nitakuamkia. Lakini wanao wa kike wanakua, Dada, na yule mkubwa amenitumia ujumbe akiniuliza suti ya kuogelea inayofaa ni ya namna gani. Mjibu wewe. Mwambie mkanda mpana wa chini na mshono bapa. Ile ya mwisho, ya nguo isiyo na pa kushika, mwambie utakapokuwa umerudi kutoka huku.

Msalimie baba watoto, mwambie godoro gumu ndilo linalofaa mgongo wake, asidanganywe na wauzaji. Wabusu watoto wote. Mpe pole jirani yako aliyefiwa. Mama wa Pacha anakusalimu ingawa hamjaonana; anasema mtu aliyeshona vifungo vile mara mbili ana moyo wa mama.

Ni mimi,
mdogo wako uliyemlea.

Jumatano asubuhi. Naongeza mstari huu nimesimama, nimekwisha kuvaa. Bahasha nampa kondakta wa basi la kwanza, utaipata kabla ya jua kuzama. Jana nilipoweka kalamu chini niliegemeza meza mlangoni kwa ajili ya ule ufunguo, nikakaa nikiitazama. Nililala saa tisa kasoro robo usiku.